Gari Kuukuu la Dizeli Visiwani: Mwongozo Kamili wa Kulitunza na Kuzitambua Hitilafu Zake

Magari mengi ya dizeli yanayotembea Unguja na Pemba yalikwisha kufanya kazi miaka mingi Japani kabla ya kuteremshwa katika bandari ya Malindi. Kuna Hiace zenye injini ya 3L au 5L, Prado na Hilux Surf zenye 1KZ-TE, na Land Cruiser zenye 1HZ, ambazo si jambo geni kupita kilomita 500,000 zikipata mtu wa kuzitunza. Mimi ninaendesha Prado ya 1KZ-TE niliyoinunua ikiwa na kilomita 188,000, na leo imepita 340,000. Katika muda huo nimejiridhisha kwamba huku kwetu gari la dizeli haliuliwi na kilomita bali huuliwa na maji: maji yaliyoingia ndani ya dizeli, maji mabaya yaliyotiwa kwenye rejeta, na maji ya chumvi yanayokaa juu ya chuma. Kwa sababu hiyo hatua hizi sikuzipanga kama zinavyopangwa katika vitabu vya viwandani, bali kwa kufuata njia ambazo maji hayo hupitia.

Hatua ya kwanza: isome historia ya gari

Mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo itazame pamoja na vitu vingine. Pedali ya breki iliyolika mpira mpaka chuma kikaonekana, au kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlangoni, havilingani na gari linalodaiwa kuwa na kilomita 90,000. Fungua boneti, kisha utazame na fremu ya mlango wa dereva, kwa sababu mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika karatasi ndogo inayoonyesha ni lini na katika kilomita ngapi oili au mkanda wa taimingi (unaozifanya vali zifunguke kwa kupatana na pistoni) ulibadilishwa. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona mwaka wa 18 ongeza 1988 upate 2006. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, na humo utaongeza 2018.

Mkanda wa taimingi ndio wa kuulizwa kabla ya kitu kingine chochote. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya dashibodi iliyoandikwa T-BELT, ambayo kwa kawaida huwaka kila zinapotimia kilomita 100,000, lakini taa hiyo inaweza kuzimwa na mtu asiyeugusa mkanda wenyewe. Kama hukupata karatasi wala neno la kuaminika, uhesabu kuwa haujabadilishwa, na uubadilishe pamoja na beringi yake ya kukazia. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali, na gharama inayofuata huwa mara nyingi ya bei ya mkanda. Injini chache, kama 4M40 ya Mitsubishi, hutumia cheni, na hizo hazina hofu hii.

Baada ya hapo fungua daftari. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na kiasi cha oili kilichoongezwa. Gari la umri huu huonyesha maradhi kwa mabadiliko ya polepole, na kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuyashika.

Hatua ya pili: toa maji ndani ya dizeli

Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiingia tangini huzama chini, na huko chini ndiko bomba linakovutia mafuta. Maji hayo hutoka katika njia kadhaa. Hewa yetu ina unyevu mwingi mwaka mzima, na tangi linalolala nusu tupu huvuta hewa hiyo, ambayo usiku hugeuka matone kwenye kuta za chuma. Dumu lililoachwa nje wakati wa masika huingia maji hata likiwa na kifuniko. Pampu na nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini zimechongwa kwa nafasi ndogo mno kati ya chuma na chuma, na kinachozilainisha ni dizeli yenyewe. Panapopita maji hapalainiki kitu, na kutu huanza. Aidha, katika mpaka wa maji na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza utando mweusi wa kuteleza, ambao huziba filta hata kama ni mpya.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Acha gari lilale usiku kucha mahali palipo sawa. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, weka chupa ya kioo safi chini ya filta ya dizeli, legeza koki iliyo chini yake, na usukume pampu ya mkono iliyo juu ya filta mara kadhaa mpaka upate kiasi cha robo lita. Iache chupa itulie dakika kumi, kisha iinue kwenye mwanga. Dizeli nzuri huonekana angavu kiasi cha kuweza kusoma herufi kupitia kwayo. Mwaka mmoja nikiwa Pemba, nikitoka Konde kwenda Chake Chake, nilitiliwa lita 20 kutoka kwenye dumu njiani, na gari likaanza kumisi kabla sijafika. Niliyoyakinga katika chupa yalikuwa na tabaka la kidole kizima lililokaa chini, jeupe kama maji ya nazi, na juu yake dizeli iliyofifia, na baina yao vijinyuzi vyeusi vilivyokuwa vikicheza kila nilipoitikisa. Nilirudia kukinga mara sita mpaka ikatoka safi, na tangi likaoshwa wiki hiyo hiyo. Naamini ningeendelea na safari kwa saa moja zaidi ningekuwa ninanunua pampu.

Kinga maji namna hiyo kila mwezi, na wakati wa masika na vuli kila baada ya wiki mbili. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi ili lisilale na hewa. Filta ya dizeli mimi huibadilisha kila kilomita 10,000, ingawa vitabu huruhusu zaidi, kwa sababu vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya dizeli ya dumu.

Ukibadilisha filta, hewa huingia katika mabomba na gari hukataa kuwaka. Jaza filta mpya dizeli safi kabla ya kuifunga. Kisha legeza skrubu ndogo ya kutolea hewa iliyo juu ya filta, kama ipo, usukume pampu ya mkono mpaka povu liishe na itoke dizeli tupu, ukaze skrubu, na uendelee kusukuma mpaka pampu iwe ngumu chini ya kiganja. Gari likikataa bado, katika injini za zamani kama 3L, 5L, 1KZ-TE na 1HZ unaweza kulegeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, mwenzako akapiga stata kwa sekunde 10 hivi, na dizeli ikianza kuruka ukazikaza. Usifanye hivyo kamwe katika injini za mfumo mpya, kama 1KD-FTV na 2KD-FTV, ambamo shinikizo la mafuta huweza kuzidi baa 1,000. Mchirizi mwembamba wa dizeli katika shinikizo hilo hupenya ngozi ya mkono, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo hata kama tundu lake ni dogo kama la sindano. Katika injini hizo hewa hutolewa kwa pampu ya mkono pekee.

Hatua ya tatu: chunga maji ya rejeta

Hapa ndipo panapoharibika injini nyingi zaidi, na nataka msomaji anielewe vizuri. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake hutoka yakiwa yamebeba chokaa. Karibu na pwani hubeba na munyu. Maji hayo yakichemka ndani ya injini huacha ukoko, kama ule unaouona ndani ya birika. Fundi mmoja wa Mwanakwerekwe aliwahi kuifungua mbele yangu rejeta ya gari lililoishi Jambiani. Vijibomba vyake vilikuwa vimejaa ukoko mweupe, na vilivyobaki wazi havikufika nusu. Aliukwangua kwa ncha ya bisibisi, akauweka kiganjani mwa mwenye gari, akamwambia, “Mwanangu, gari umelitilia chokaa ya kujengea.”

Kwa hiyo maji ya kisima yasiingie kwenye rejeta ila pale unapokwama njiani na huna namna nyingine. Tumia kulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Yakikosekana, maji ya mvua yanafaa, mradi usikinge mvua ya kwanza, kwa sababu bati la nyumba iliyo karibu na bahari hukusanya vumbi la chumvi. Acha mvua ioshe paa kwanza, ndipo ukinge. Kazi ya kulanti huku kwetu si kuzuia barafu. Ina dawa ya kuzuia kutu na huinua kiwango cha kuchemka, na dawa hiyo huisha nguvu, kwa hiyo ibadilishe kila miaka miwili.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa udogo wake. Kikishikilia shinikizo la baa 0.9, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Mpira wake ukilika, yatachemka katika nyuzi 100 na kumwagika. Kibadilishe mara tu ukiona mpira umekakamaa au umepasuka. Usikifungue injini ikiwa ya moto.

Kuna desturi ya kuitoa termostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, gari linapochemsha, na mimi siikubali hata kidogo. Katika injini nyingi za Toyota, termostati ikifunguka kwa rejeta huifunga njia fupi inayorudisha maji ndani ya injini bila ya kupozwa. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila ya kuiona rejeta, kwa hiyo gari huweza kuchemsha zaidi linapopandishwa mlima. Itie kwenye sufuria ya maji juu ya moto. Isipofunguka kabla ya maji kuchemka, nunua nyingine.

Feni nayo ipimwe. Asubuhi, injini ikiwa imezimwa na baridi, izungushe kwa mkono: hutakiwa kuwa na uzito kidogo. Rudia baada ya safari ndefu, injini ikiwa imezimwa, na uzito uwe umeongezeka wazi. Ikizunguka kirahisi kama pia, silikoni iliyo ndani ya kitovu chake imekwisha. Barabara za tambarare za Unguja huficha ubovu huu, lakini vilima vya baina ya Chake Chake na Mkoani huufichua.

Mwenye 1KZ-TE azidishe tahadhari, kwa kuwa hedi yake, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu na huweza kupasuka ikipatwa na joto la kupita kiasi hata mara moja tu. Ili kujua kama hedi au gasketi inayoiziba imekwisha kupata madhara, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji mpaka mdomoni, washa gari na utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni hewa ya mlipuko inayopenya kutoka silindani. Vivyo hivyo, mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, kabla ya joto kupanda, hiyo si dalili ya kusubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Hatua ya nne: oili na hewa

Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, na weusi huo ni masizi yaliyochukuliwa kama inavyotakiwa. Kinachotisha ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana humo yameingia maji. Tumia 15W-40 ya injini za dizeli, ibadilishe kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake, na upime kiwango kila wiki asubuhi kabla ya kuwasha. Wenye 1KD-FTV wana jambo lao la pekee: vipete vya shaba vinavyozibia nozeli vikivuja, masizi huingia ndani ya oili na kuganda kwenye kichujio kilichomo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, mpaka injini inakosa oili ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Kama historia ya gari haijulikani, sampu ifunguliwe mara moja na vipete vibadilishwe.

Eya klina, yaani filta ya hewa, ipige upepo kutoka ndani kwenda nje, na baada ya kupigwa mara mbili au tatu ibadilishwe. Gari lenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi wa ekzosi, likitoka mwendo wa kasi au mlimani, liache lingurume taratibu kwa dakika moja kabla ya kulizima, ili oili iendelee kuipoza.

Hatua ya tano: ondoa chumvi

Magari yanayobeba samaki au mwani mbichi kutoka Paje na Jambiani hutiririsha maji ya bahari juu ya chasisi safari nzima, na yapo yanayoshushwa ufukweni bahari ikitoka. Hata gari lisilofanya kazi hizo hupokea upepo wa kusi kwa miezi. Osha uvungu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, na siku hiyo hiyo kama gari lilikanyaga maji ya bahari au lilisafiri kwenye sitaha ya wazi ya meli. Yaonje maji kabla ya kuoshea, kwa maana visima vingi vya pwani vitakuongezea kile unachokiondoa. Elekeza maji ndani ya matundu ya chasisi, kwenye maungio ya springi na juu ya tangi la dizeli, ambako mchanga hukaa ukiwa umelowa.

Kutu iliyoanza isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kaushe juani, kisha upake rangi ya kuzuia kutu na juu yake lami. Kupaka oili chakavu chini ya gari ni kawaida ya watu wengi, nami naiona kuwa hasara, kwa kuwa huozesha bushi na mipira.

Chumvi hula pia nyaya. Pima betri gari likiwa limelala: volti 12.6 ni nzuri. Liwashe upime tena: iwe baina ya 13.8 na 14.4. Ikiwa betri ni nzima na stata bado inavuta kwa unyonge, fungua waya mnene unaotoka kwenye ncha hasi kwenda kwenye injini na bodi, usugue maungio yake kwa msasa na upake grisi. Nimeona stata mbili zikibadilishwa bure kwa ajili ya bolti moja yenye kutu.

Hatua ya sita: kuitafuta hitilafu

Gari linapokataa kuwaka, tazama ekzosi wakati stata inapigwa. Ikiwa hautoki moshi wowote, dizeli haifiki: angalia filta, hewa katika mabomba, na waya wa vali ya umeme inayozimia pampu. Ukitoka moshi mweupe bila ya gari kushika, dizeli inafika lakini haiungui, na hapo hita plagi, zinazopasha moto vyumba vya kuunguzia kabla ya kuwasha, ndizo za kwanza kupimwa. Watu hudhani kisiwa cha joto hakihitaji hita, lakini injini za zamani zenye vyumba vya awali vya kuunguzia huzihitaji hata asubuhi ya nyuzi 24. Ikiwa hita ni nzima, pima mkandamizo wa silinda. Gari linalowaka kisha likazimika, au linalosumbua asubuhi tu na kutwa likawa zuri, huwa linavuta hewa mahali fulani. Unganisha kipande cha mpira unaopenyesha nuru kabla ya pampu, na mapovu utayaona kwa macho yako.

Moshi mweusi maana yake ni dizeli nyingi kuliko hewa. Anza na kitu cha bei nafuu: eya klina, kisha mipira ya tabo iliyopasuka, kisha vali inayorudisha moshi kwenye injini ikiwa imekwama kwa masizi, na nozeli ziwe za mwisho. Moshi wa buluu ni oili. Ukitokea baada ya kungurumisha gari kwa muda au kuteremka mlima, shuku mipira ya vali au tabo. Ukiwa wa muda wote, fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma na ukilaze kinyume juu ya tundu lake. Kikirukaruka na kutupwa na pumzi ya ndani, ringi za pistoni zimechoka. Moshi mweupe usiokwisha injini inapopata moto, huku maji ya rejeta yakipungua bila ya kuonekana pa kuvujia, hukurudisha kwenye kipimo cha mapovu.

Hatari moja lazima itajwe. Tabo iliyokufa huweza kuilisha injini oili, nayo ikashika kasi yenyewe na isizimike hata ukiondoa ufunguo. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia ya juu na uachie klachi. Kwa la otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa kipande cha ubao. Usitumie kiganja wala kitambaa, na usisimame mbele ya injini.

Sanduku la safari

Kwa mwenye gari la Pemba, kifaa kisichopatikana dukani huweza kumaanisha kusubiri boti kutoka Unguja, kwa hiyo sanduku lake liwe kamili zaidi: filta moja ya dizeli, feni belti, mpira wa juu na wa chini wa rejeta pamoja na klampu zake, kifuniko cha rejeta, lita mbili za oili, lita tano za maji ya mvua, spana za nati za nozeli, na waya wa kupimia wenye taa. Weka na ile chupa ya kioo, iliyokauka na yenye mfuniko, kwa sababu dizeli utakayouziwa kwenye dumu Micheweni au Kengeja utaitazama humo kwanza kabla ya kuiruhusu iingie tangini.